Nilimpeleka mama Malta akapumzike, akaomba ufagio kanisani

Wakuu, heshima zenu wote humu.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na chumvi sijaweka hata punje. Anayetaka kusema ni chai anisubiri kwanza nimalize.

Miaka ile ya 2010 na kitu nilikuwa naishi Toronto, Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja. Nikamleta mama kutoka Mbinga akae na mimi miezi sita.

Jamani, nilijipanga! Nikamwambia, "Mama, umelima kahawa maisha yako yote. Kwangu hapa ni kula na kulala."

Akigusa sufuria, namnyang'anya. Akiosha kikombe, nakuja juu. Asubuhi naenda ofisini Don Mills namwacha kwenye kochi, jioni namkuta palepale.

Mwezi wa pili tu akaniambia, "Mwanangu, nikatie tiketi nirudi nyumbani."

Iliniuma, sitaficha. Nikamuuliza nimekosa nini. Akajibu, "Hujakosa kitu, mwanangu." Na chakula anadonoa tu. Nililia bafuni, nikijua mama amenichoka.

Sasa ofisini kulikuwa na dada mmoja, wazazi wake watu wa Malta, kile kisiwa cha Mediterania. Wana nyumba kijijini kwao, akatukaribisha wiki moja. Mama ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nikaona huko roho yake itatulia. (Habari za viza msiniulize, nilizeeka.)

Nikamwomba: twende, tukirudi kama bado unataka kuondoka, tiketi nakukatia. Akakubali.

Siku tatu nikamzungusha makanisa makubwa, dhahabu mpaka darini. Mama anasema "pazuri", halafu anatafuta pa kukaa.

Siku ya nne yule dada akatupeleka kwenye kikanisa kimoja katikati ya mashamba. Cha zama za kati, mawe matupu, sebule yangu inakizidi. Ukutani wamechorwa watakatifu, rangi imefifia, wengine wamebaki macho tu. Ufunguo anautunza bibi wa jirani, Karmena, anayetembelea fimbo.

Mlango kufunguliwa, vumbi! Majani makavu sakafuni, utando wa buibui kila kona. Bibi Karmena akaanza kutuomba radhi kwa Kiingereza: mguu haumruhusu tena, na vijana wamehama.

Nikamtafsiria mama. Akavua koti, akatoa kanga kwenye mkoba, akajifunga kiunoni.

"Muulize ufagio uko wapi."

"Mama, sisi ni wageni!"

"Wageni wa nani? Hapa si kanisani? Kwetu Jumamosi jumuiya yenye zamu inafagia. Leo siku gani?"

Ilikuwa Jumamosi, wakuu.

Aibu niliyoona! Nikamshika mkono tutoke. Lakini Karmena alishaelewa bila mkalimani, akaenda zake nyumbani polepole, akarudi na ufagio na kandoo.

Basi mama akanyunyiza maji kwanza, vumbi lisipande kwenye zile picha, akaanza kufagia. Karmena kakaa kwenye benchi anasugua vinara. Huyu anaongea Kiswahili, yule Kimalta, na kazi inakwenda! Mama akaanza kuimba. Tangu atue Toronto sikuwahi kumsikia akiimba.

Alipomaliza akapiga magoti, akasali, tukatoka. Kwenye gari akala mkate na jibini, akaomba mwingine.

Nikajikaza nikamuuliza tena, "Mama, nilikukosea nini?"

"Umenitunza vizuri, mwanangu. Ila umenikalisha kama mgonjwa."



Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimnyima mama jembe miezi miwili, na nikadhani ndiyo mapenzi. Tunaoleta wazazi huku tunawapa kila kitu, tunasahau kuwapa cha kufanya.

Tuliporudi nikamwachia jiko lote. Kwenye misa ya Kiswahili akina mama wakamwingiza kwenye zamu zao, wakawa wanampigia simu asubuhi kabla mimi sijaamka. Habari za tiketi sikuzisikia tena, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Siku moja mama mdogo akapiga kutoka Mbinga, anauliza dada yake anarudi lini. Mama simu kaibana begani, anamenya ndizi.

"Mdogo wangu, sasa hivi siwezi kuja. Nina kazi."

Mliowahi kuishi na wazazi ughaibuni, hebu shusheni na ya kwenu. Nyie mliwezaje?