Wiki Tatu Bila Sauti

Sauti yangu ilianza kukwaruza mwezi wa sita, baridi ilipoanza kushuka kutoka mlimani. Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, ilikuwa imekatika kabisa. Nilikuwa nafundisha baiolojia kidato cha pili katika shule moja ya kata upande wa Sekei, darasa la wanafunzi zaidi ya sitini. Daktari alinimulika koo, akasema nimejiumiza kwa kupaza sauti miaka mingi. Nisitamke neno kwa wiki tatu, hata kunong'ona.

Mkuu wa shule alinishauri nipumzike nyumbani. Lakini mwalimu mwingine wa baiolojia hatukuwa naye, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia, nikamwandikia kwenye karatasi kwamba nitaingia darasani hivyo hivyo. Mama yangu, ambaye niliishi naye mtaa wa Sokon One tangu aache biashara yake ya vitambaa, aliona ni ukaidi. Kila asubuhi alinijazia chupa ya chai ya tangawizi, akinikumbusha kwa Kichaga kwamba koo halina duka la spea.

Siku ya kwanza wanafunzi walisimama wakaniamkia. Nikainua mkono. Wakabaki wamesimama, wakisubiri marahaba. Ikabidi niandike ubaoni kwamba sauti imepotea, wakae. Walikaa taratibu mno, kama watu waliofika msibani.

Nilidhani ningeandika somo ubaoni wao wakanakili. Kumbe walinakili kila kitu, hata neno nililolikosea na kulifuta nusu. Siku ya tatu nikaacha. Niliwaandikia wasome kwa makundi, na kila kipindi kundi moja lifundishe wenzao. Wajadiliane kwa Kiswahili wakitaka, ilimradi mwishoni waandike kwa Kiingereza, maana ndicho cha mtihani.

Tulikuwa kwenye mada ya osmosisi, namna maji yanavyopita kwenye utando wa seli. Kundi la kwanza lilikuwa limeloweka vipande viwili vya kiazi mviringo tangu asubuhi, kimoja kwenye maji ya chumvi, kingine kwenye maji matupu. Aliyeeleza alikuwa kiranja wa darasa, binti anayejiamini. Alikiinua kile cha chumvi kikiwa kimelegea, akasema chumvi imeingia ndani ikakilainisha. Wenzake wote wakaandika.

Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma kabisa, chaki mkononi. Mwili mzima ulitaka kuinuka kumsahihisha. Sijui kilichonizuia; labda ni uchovu tu.

Karibu na dirisha alikaa msichana wa familia ya wakulima wafugaji wa magharibi ya mlima. Kwao waliongea Kimaa, si Kiswahili. Kwa mwaka mmoja na nusu sikuwahi kumsikia akijibu bila kutajwa jina, na kwenye ripoti yake nilikuwa nimeandika kwamba hashiriki. Siku hiyo alinyoosha mkono.

"Kama ni chumvi imeingia," aliuliza, "hiki cha maji matupu mbona kimekuwa kigumu kuliko tulipokikata? Kimeingiwa na nini?"

Kiranja alikibonyeza kile kipande, akakibonyeza tena. Yule msichana akaendelea, akiyachagua maneno moja moja. Mama yake huuza mchicha. Ukinyauka jioni, huuloweka kwenye beseni, na asubuhi unakuta umesimama.

"Maji yanaingia," alisema. "Basi kwenye chumvi, nafikiri yanatoka."

Wakabishana mpaka kengele. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Niliinamia daftari la mtu nikajifanya nasahihisha, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Baada ya kipindi nilimwita, nikamwandikia: kwa nini hukuwahi kusema? Aliisoma karatasi.

"Ulikuwa unajibu haraka, mwalimu," alisema, macho chini. "Nikimaliza kutafuta maneno, mmeshafika mbele."

Hakukuwa na lawama kwenye sauti yake. Nilichukua tena ile karatasi, nikaandika neno moja, samahani. Aliikunja akaiweka ndani ya daftari lake.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Kundi moja lilikuja halijasoma chochote, likabaki limesimama mbele likichekacheka. Walikaripiwa na wenzao, tena kwa ukali kuliko ambavyo ningewakaripia mimi. Kesho yake walirudi wamejiandaa.

Sauti ilirudi mwanzoni mwa mwezi wa nane, nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Niliingia darasani na furaha yangu, nikaanza kueleza mada mpya. Kiranja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumefurahi umepona," alisema. "Ila leo ni zamu ya kundi la nane, na wamejiandaa tangu Jumamosi. Tunaomba wafundishe, halafu wewe utuambie tulipokosea."

Sitaficha, iliniuma kwanza. Nilikwenda dawati la nyuma, na yule msichana wa dirishani akasogeza begi lake nipate nafasi. Kundi la nane lilifundisha vizuri, likakosea mara mbili, na kosa moja walilirekebisha wenyewe.

Jumatatu iliyofuata nilikuta ratiba imebandikwa ukutani kwa mwandiko wa kiranja. Makundi yote yalikuwa na muda wake. Chini kabisa palikuwa na mstari wangu: Mwalimu, dakika kumi na tano.

Nilitumia kumi na nane, na kiranja akatazama saa.