Sauti ya Kaaha Ndani ya Redio Iliyofungwa

Kaaha alikuwa sokoni Garissa akinunua maziwa ya ngamia, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka duka la simu.

Si sauti ya kufanana. Yake kabisa.

"Kisima cha Hadado kina maji," ilisema, kwa Kisomali.

Ilitoka kwa redio ndogo ya sola, jina la kampuni asiyoijua limebandikwa juu.

"Hii ndiyo moto sasa, dada," muuzaji akamwambia. "Wafugaji wote wanabeba."

Wacha niwaeleze. Kaaha ni binamu yangu, kazi yake ni kuandika programu. Yeye na Abshir, rafiki yake tangu sekondari, walitengeneza programu ya kuwatangazia wafugaji habari za maji. Sauti waliyorekodi ni ya Kaaha.

Waliitoa bure kwa yeyote. Leseni yao ilidai tu hivi: ukiuza kifaa chenye programu hii, weka wazi msimbo wake wote, yaani maandishi yanayoiendesha, na umwachie mnunuzi uwezo wa kuibadilisha.

Hilo la mwisho lilikuwa wazo la Abshir.

"Mtu akiifunga," alisema, "siku ikikosea nani atairekebisha?"

Palepale sokoni, Kaaha akampigia simu. "Abshir, kuna watu wamechukua kazi yetu."

 "Niachie, walaal, dada yangu," akajibu. " Nitafuatilia."

Hakufuatilia.

Kisha Abti Mohamud, mjomba wa Kaaha, akapiga kutoka Hadado.

"Kaaha, ulisema kuna maji. Nimeleta ngamia, pampu imekufa kitambo. Wanyama wengine wamelala njiani, hawaamki tena."

"Abti, si mimi niliyesema."

"Naijua sauti yako. Ndiyo maana nilihama."

Kaaha alisafiri hadi Hadado na laptop yake. Kosa akaliona haraka: taarifa mpya zikikosekana, redio inarudia za zamani kana kwamba ni za leo. Akarekebisha.

Redio ikakataa.

Akajaribu tena na tena. Ilikuwa imefungwa, haipokei kitu bila ufunguo wa siri wa kampuni. Kazi ya mikono yake, na haimtambui.

Akashuka Nairobi, moja kwa moja hadi ofisi za kampuni ile. Meneja alikuwa mpole sana.

"Msimbo tutakupa. Ufunguo hapana, ni usalama wa wateja. Ngoja uongee na mkuu wetu wa ufundi."

Mlango ukafunguka. Abshir, kitambulisho cha kampuni shingoni.

Kaaha akakisoma kile kitambulisho. Kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyefunga?"

"Walitaka kubadilisha sauti," Abshir akasema, macho chini. "Mimi ndiye niliyewaambia waache yako. Watu wanakuamini."

Abshir alidhani anamtetea Kaaha.

Wakili wa Kaaha ameshapeleka kesi mahakamani. Msimbo umetolewa, ufunguo bado, na redio zinaendelea kusema.

Kaaha alianza kuwapigia wafugaji simu, awaonye. Mmoja akamsikiliza hadi mwisho, akamuuliza taratibu:

"Na hii sauti ya sasa, nitajuaje ndiyo wewe?"

Ndiyo maana leo yuko barabarani, anapita boma kwa boma, ili wamwone uso.

Ndugu zangu, kabla hujanunua kifaa uliza kama unaruhusiwa kukirekebisha. Na yule anayejua kazi yako yote, mjue pia anamfanyia nani kazi.