Ulimwambia Nini Yule Mswidi?

Kabla sijasikia maumivu niliona uso wangu kwenye bampa. Nilikuwa nimekaa juu ya buti, miguu inaning'inia, gari linarudi nyuma mteremkoni bila dereva, na nyuma yetu lori limesimama kwenye foleni ya mpakani. Niliinama kutazama miguu, nikajiona kwenye kile chuma nilichokisugua wiki nzima mpaka kikawa kioo. Mdomo wazi, macho yamenitoka kama ya mbuzi anayevutwa. Mguu wa kushoto niliuwahi. Wa kulia sikuuwahi.

Dereva hakuwa ndani kwa sababu alikuwa ameshuka kupigwa picha. Dereva huyo ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Aliyekuwa anapiga picha ni Mswidi. Majina siandiki, maana shangazi bado yupo na huniletea maziwa. Lakini wenyewe wanajijua, na kijiji chetu kizima cha Iyula kinawajua.

Mswidi alikuja Mbozi kuchimba visima vya maji. Mtu mkubwa, kucha zina grisi hata Jumapili. Mimi nilikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari Tunduma. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo Kiingereza changu kilikuwa cha mpakani, cha kupatana bei na kutukanana. Binamu alikuwa na kidato cha nne, akawa mkalimani wake. Gari la visima likigongwa wanalileta kwangu, Mswidi anakaa kwenye tairi ananitazama nikifanya kazi, na kila neno kati yangu na yeye linapita mdomoni kwa binamu.

Siku moja Mswidi akatoa picha kwenye pochi. Vijana wa kwao, enzi za ujana wake. Magari ya Kimarekani ya zamani, marefu, yana mapezi nyuma kama samaki. Vijana wamepaka nywele mafuta, wengine wamekaa kwenye madirisha, wengine juu ya buti na chupa mkononi.

"Wanaitwa ragare," binamu akatafsiri. "Jumamosi wanazunguka mji, barabara ileile, polepole, muziki wa roki mpaka vioo vinatetemeka."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote, kaka. Wanazunguka tu."

"Watoto wa matajiri hao."

Binamu akamuuliza. Mswidi akatikisa kichwa. "Anasema watoto wa shamba. Wakata magogo, mafundi kama wewe. Watu wa mjini wanawacheka, wanawaita washamba."

Nilirudisha ile picha. Wivu ulinianza siku hiyo na haujaniacha. Mshamba wa kwetu anachekwa akitembea kwa miguu, baiskeli imebeba gunia la kahawa. Mshamba wa kwao anachekwa akiwa nyuma ya injini ya silinda nane.

Gari la namna ile tulilipata sisi watatu Nakonde, ng'ambo ya mpaka, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Mapezi yapo, bampa lipo, mlango wa kushoto umeliwa na kutu, na kwenye kiti cha nyuma kuku wanaatamia. Mzee akacheka sana. "Iwe mune, wewe rafiki, hilo si gari, ni nyumba ya kuku. Mkichukua, kuku wangu watalala wapi?" Tukamjengea banda la mbao na bati jipya, tukalivuta gari.

Miezi minane nililifanyia kazi. Mlango wa kushoto niliukata kwenye pipa la mafuta, nikaupiga nyundo mpaka ukapata mkunjo wa mwenzake wa kulia. Huwezi kuutofautisha, labda uwe umeukata mwenyewe. Bampa nililisugua kwa msasa laini na maji, kisha kwa kitambaa, kisha kwa kiganja. Binamu alifunga spika mbili. Muda wote uliobaki alikaa kiti cha mbele, anatafsiri. Mswidi akifurahia kazi alikuwa anampiga binamu begani: "Safi sana, fundi!" Kiswahili chake kilikuwa hicho tu. Nilidhani fundi ni mimi, ila amekosea bega.

Jumamosi ya kulitoa ikafika, na waya wa hendibreki haujapatikana. Nikamwambia binamu, mbele ya Mswidi:

"Mwambie waya bado. Gari lisisimame mlimani kama hakuna mguu kwenye breki. Mwambie hivyohivyo nilivyosema."

Binamu akamgeukia, akasema maneno kama matano. Mswidi akacheka, akanionyesha dole gumba.

"Ameelewa?"

"Ameelewa, kaka. Wewe una wasiwasi kama mama mkwe."

Mswidi alishatueleza kwamba kwao aliyelitengeneza gari ndiye hulizungusha mara ya kwanza. Kwa hiyo asubuhi ile nilinawa uso na mikono kwa sabuni ya unga. Narudi, nakuta binamu ameshika usukani, shati jeupe, nywele zinameremeta.

"Hapo si pangu?"

"Kaka, una puti ya kuzibia bodi mpaka kwenye nyusi. Kaa kule kwenye buti. Hiyo ndiyo nafasi ya heshima, ragare wenyewe wanaigombania."

Nikakaa, mjinga mimi.

Sitasema uongo, mzunguko wa kwanza ulikuwa mtamu kuliko harusi yangu. Mama lishe walitoka na miiko mkononi. Madereva wa malori walipiga honi, mmoja akapaza sauti, "Oya, mnahama na sebule?" Hata wanaobadilisha kwacha waliacha kuhesabu wakatutazama. Mzunguko wa pili watu walikuwa wanatusubiri. Wa tatu, pale mlimani, Mswidi akateremka garini mbio, akaenda mbele, akampungia binamu asimame ashuke. Binamu akashuka. Akaegemea mlango wangu wa bati la pipa, akakunja mikono, akatabasamu. Ndipo nikasikia gari linaondoka chini yangu.

Hospitali walikata chini ya goti. Mswidi alikuja mara moja. Alinishika mkono, akalia, akaongea maneno mengi mpaka sauti ikakatika. Nikamtazama binamu.

"Anasema pole."

"Maneno yote yale ni pole tu?"

"Kwao pole ni ndefu, kaka."

Baadaye Mswidi alirudi kwao, na binamu akaitwa kumfuata. Mimi nikarudi Iyula na gongo. Bampa ninalo mpaka leo. Linashikilia meza ya kuanikia kahawa upande mmoja, upande wa pili kuna gogo.

Sasa hivi kila kitu kiko kwenye simu. Binti yangu ananionyesha. Binamu amenenepa, ana gari la bluu, refu, juu liko wazi. Kiangazi cha kwao jua halizami mapema, wanazunguka mamia kwa mamia, nyimbo zilezile za gitaa, wazee wa umri wangu wenye vitambi na nywele za mafuta, na yeye katikati yao anapungia watu mkono. Ninaona wivu. Nauandika kama ulivyo. Namwonea wivu usukani, namwonea wivu kile kiti, namwonea wivu mguu wa kulia unaokanyaga mafuta. Natazama bodi ya gari lake kama askari anayekagua mzigo. Fundi wake hakunyoosha bati vizuri, ameacha wimbi kwenye mlango wa nyuma, na siku nilipoliona nilikula ugali kwa hamu.

Mwezi uliopita kulikuwa na video yake anahojiwa kwa Kiingereza. Nyuma yake wamebandika ile picha ya Tunduma, yeye ameegemea mlango. Mimi nimekatwa kuanzia bega, kimebaki kiwiko.

"Anasema nini?" nikamuuliza binti.

Akaigeuza simu kifudifudi. "Baba, tuache."

"Sema. Usinifanyie ukalimani wa nusu."

"Anasema gari lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, kwa bati la pipa. Anasema alikuwa na msaidizi. Msaidizi akaumia kwa sababu alisahau kusema kwamba breki ya mkono haifanyi kazi."

Kwa hiyo nimeandika. Wewe Mswidi, ukipata maandishi haya, mtafute mtu mwingine akusomee, asiwe binamu yangu. Nataka unieleze ulilia nini pale kitandani, neno kwa neno.

Na wewe binamu, gari lako sitaki. Simama mbele ya hao ragare wenzako, uwaambie mlango ule ulipigwa na nyundo ya nani. Halafu unijibu moja. Siku ile gereji nilikupa maneno ya kuokoa mguu wangu. Ukamwambia matano, naye akacheka.

Ulimwambia nini?