Mfarishi wa Istanbul

Fadhiya alikuwa mtu wa maonyesho. Hata homa, angeweza kuchagua, angetaka ya ng'ambo. Nyumbani kwao Kibokoni makochi hayakuvuliwa nailoni tangu siku yaliponunuliwa, na mgeni akikaa huinuka na jasho mgongoni. Kabati la vioo lilijaa vikombe visivyopata kuonja chai. Ndimo alimoolewa Ruweida, na mumewe, Ziad, nduguye Fadhiya, alikuwa fundi wa mashini za boti kule Liwatoni, mtu mwema asiye na neno. Tena hakuwa na neno kabisa, hata pale neno lilipohitajika.

Ruweida hakutoka kwenye vioo. Mamake, marehemu Bi Badria, alikaa chumba kimoja nyuma ya Makadara akikunja pindo za leso za maduka ya Biashara Street, na binti akairithi kazi hiyo pamoja na cherehani. Alijua nguo kwa vidole, ipi itachuja rangi, ipi ina wanga mwingi hata yataka kusimama yenyewe. Na alijua walilolijua wazazi wote wa zamani, kwamba mtoto mchanga havikwi kitu kipya. Nguo mpya ina ukali. Mtoto hupokewa kwa nguo iliyofuliwa mara mia mpaka ikasahau dukani.

Basi mimba ilipoingia mwezi wa tano alifungua sanduku la mamake, akazitoa leso zake kuukuu, akaanza kushona mfarishi, lile blanketi dogo la viraka. Juu alitia vipande vya leso, katikati na chini mashuka yaliyochakaa, na vyote akavishika kwa mshono wa mkono, mdogomdogo kama punje za mchele. Desturi ni mwenye mimba ya kwanza kurudi kwa mamake kujifungua na kukaa arubaini yake huko. Ruweida hakuwa na kwa kurudi. Bi Badria alikufa kabla ya kusikia habari za mjukuu, na hilo lilimuuma Ruweida kila alipoinama juu ya sindano. Alilotaka ni moja tu: mwanawe akija duniani, apokewe kwa nguo ya bibi yake.

Fadhiya aliuona mfarishi akiwa mlangoni. Hakujisumbua kuingia.

"Wifi, hayo matambara ya n'ni?"

"Ya mtoto, wifi."

"Mtoto wa ndugu yangu alazwe kwenye madekio? Watu watasema tumefilisika. N'shaagiza seti nzima Istanbul, blanketi, mto, kofia na soksi zake. Hayo yako utapangusia madirisha."

Tangu siku hiyo mfarishi ukaitwa "madekio" nyumba nzima, mpaka na mfanyakazi, Naomi, ambaye kwao walishonewa vivyo hivyo na anajua tofauti. Ruweida akamwendea mumewe. Ziad akakuna kichwa, akasema, "Nyinyi wanawake malizaneni wenyewe," akaenda zake Liwatoni, ambako mashini hazina mawifi.

Ruweida aliendelea kushona. Jibu alikuwa nalo, tena lingemtosha Fadhiya mwaka mzima, ila alidharau kulitoa. Pembeni mwa mfarishi palikuwa na kiraka kimoja cha manjano chenye korosho za zambarau, na Fadhiya angekitazama mara moja tu angekijua. Lakini Fadhiya hana desturi ya kutazama kitu akishakidharau. Ruweida hakukitia kwa ubaya. Ile ndiyo leso mamake aliyojifunga jikoni miaka nenda miaka rudi, ikawa laini kuliko zote.

Mwezi wa nane Fadhiya akaandaa bebi shawa. Zamani mwenye mimba alisitiriwa na kuombewa dua. Siku hizi hupambwa kwa baluni. Ikaletwa keki yenye umbo la mguu wa mtoto, na wazee wakaitazama kwa mashaka, maana hakuna aliyejua aanze kukata kidole gani. Akaletwa na mpiga picha. Meza ndefu ikatandikwa kitambaa cheupe, na mbele yake ikasimamishwa kadi ya maandishi ya dhahabu: Kutoka Istanbul. Juu ya meza hapakuwa na kitu. Mzigo ulikuwa haujafika, na Fadhiya alishinda kwenye simu tangu asubuhi akizozana na msafirishaji, huku wageni wanaingia mmoja mmoja na kuisoma ile kadi.

Miongoni mwao alikuwa Jana, shoga yake na mshindani wake wa siku zote. Jana aliizunguka meza tupu mara mbili, kwa taratibu, ili aonekane. Kisha macho yakamwangukia Ruweida kwenye kiti cha mapambo, na mfarishi aliouegemeza mgongoni kwa sababu kiuno kilimuuma. Akauvuta, akaukunjua.

"Kumbe ndio huu? Mashallah, mzuri."

Wanawake wakausogelea, wakaupapasa. Mwenye wivu alisifu na asiye na wivu alisifu. Fadhiya aliyaona hayo kutoka upande wa pili wa chumba, akaizima simu.

"Ndio wenyewe," akasema. "Wa Istanbul. Kazi ya mkono mtupu. Kule ndio mtindo sasa."

Akautwaa kwa mikono yake, akautandaza mezani, akasimama kando yake apigwe picha. Hata hapo hakuutazama. Alikuwa akitazama kamera.

Ruweida alihisi uso ukimchoma. Miezi mitatu ya kudungwa na sindano, na leso alizoziacha mamake, vimepelekwa Uturuki kwa pumzi moja. Aliona aibu kwa niaba ya mwenye uwongo, kwa kuwa mwenyewe hakuwa nayo.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikupita kochi la pili. Hapo alikaa Bi Khairiya, shangazi yake Fadhiya, mwanamke wa miaka themanini ambaye hajasahau harusi hata moja ya mji huu wala nani alikula nini.

"Nileteeni na mimi niuone," akasema. Akauweka mapajani, akavaa miwani, akapitisha kidole. "Hiyi leso naijua. Na hiyi naijua. Hawa wa Stambuli wavaa leso?"

"Wanaiga, shangazi," Fadhiya akasema.

"Wanaiga." Kidole kikaendelea, kikafika pembeni, kikasimama. "Fadhiya, ndoo hapa uone. Hiyi ya korosho mimi mwenyewe ningali nayo. Hiyi si sare ya harusi yako na yule bwana wa Maskati?"

Harusi ile ilikuwa haitajwi. Jozi mia mbili za leso zilivaliwa siku hiyo na wanawake wote wa mtaa, marehemu Bi Badria akiwamo, na baada ya miezi minne bwana akatuma talaka kwa simu.

"Wali wake haujashuka tumboni, talaka ishafika," Bi Khairiya akaendelea, bila ubaya wowote, kama anayehesabu wajukuu. "Sasa yule bwana alitoka hapa na sare kuipeleka Stambuli?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Jana alijifunika mtandio mdomoni na mabega yakawa yanamcheza. Wengi waliokuwamo chumbani walikuwa na leso ile sandukuni, na mke wa Faraj, muuza kahawa, alikuwa ameivaa saa ileile chini ya buibui. Akalivuta buibui lake miguuni, akachelewa.

"Nani kaushona?" Bi Khairiya akauliza.

"Mimi, bibi," Ruweida akasema. "Ni leso za mama."

"Mkono wa Badria mtupu. Basi mwana apokewe kwa huu. Na asiyetaka aje aniambie mimi."

Asubuhi yake Fadhiya aliingia chumbani kwa Ruweida, kwa mara ya kwanza tangu mimba ianze, na makasi mkononi. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wifi, nitolee kile kiraka."

Ruweida alimhurumia. Fadhiya angetamka neno moja la radhi, yeye angekitoa mwenyewe na kupaziba, na mambo yangeishia hapo.

"Wewe ungejua kumsitiri mwenzio," Fadhiya akasema, "haya yote yasingenifika."

Huruma ikamwisha Ruweida palepale. Akaukunjua mfarishi kitandani.

"Kitoe mwenyewe, wifi."

Fadhiya hajui kufumua. Alikata kama mtu anayepasua samaki, akapitisha makasi juu hadi chini, akaacha tundu la upana wa kiganja. Kile kiraka hakukitupa. Alikikunja, akakitia kifuani, akatoka.

Ruweida alizipinda kingo zisifumuke. Kulijaza tundu ni kazi ya nusu saa, na sanduku lilikuwa bado na leso. Hakulijaza.

Mtoto alizaliwa Alhamisi, wa kike. Nesi alipoomba nguo ya kumpokelea, Fadhiya ndiye aliyeutoa mfarishi mkobani, kwa ncha za vidole, kwa sababu shangazi yake alikaa kwenye benchi akimtazama. Ruweida alipoziona leso za mamake zimemzunguka mwanawe alilia, mpaka nesi akamuuliza wapi panapouma. Mzigo wa Istanbul ulifika siku ya tano. Blanketi lilifuliwa mara moja, likazitia soksi rangi.

Siku ya saba nyumba ilijaa. Vikombe vya kabatini vilitolewa, vikaonja chai. Mke wa Faraj alimpakata mtoto, akamsomea, akaugeuza mfarishi huku na huku.

"Mashallah, mshono huu. Ila mbona hapa pana tundu?"

Fadhiya alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia. Ruweida akanyoosha mkono, akamfunika mtoto miguu.

"Hapo?" akasema, kwa sauti ya kumfikia mwenye sinia. "Hapo ndipo ilipokuwa Istanbul."