Fundi Kalondu na gitaa lililozama kwenye besi

Kalondu Muthoka amepiga magoti mbele ya amplifaya, sikio karibu liguse spika. Ni asubuhi, na studio yake ya chumba kimoja, nyuma ya duka la mbegu mjini Machakos, imejaa wanamuziki, nyaya na jasho. Magodoro makuukuu yameegemezwa ukutani ili sauti isirukeruke.

"Piga tena, mzee," anamwambia Nzioka, mpiga solo na kiongozi wa Ndithini Vumbi Boys.

Nzioka anapiga. Chumba kinatetemeka. Kalondu anakunja uso kama aliyelamba ndimu.

"Mzee, besi imemeza gitaa yako."

Kalondu, mwenye umri wa miaka 31, ni fundi wa kurekodi, na ukitaka kumwona akichangamka, litaje gitaa la umeme. Alizaliwa Mitaboni, akazijua nyaya kwenye vipaza sauti vya kanisa, kisha akafanya kazi miaka minne katika studio moja ya Nairobi, akikunja kebo na kuiba ujuzi kwa macho. Mwaka 1999 akarudi nyumbani.

"Bendi zetu zote zinaenda kurekodi Nairobi. Nikajiuliza, kwani huku hakuna stima?" anasema akicheka.

Lakini huu ni mwaka wa pili, na amepata kwaya tu. Vumbi Boys ni bendi yake ya kwanza ya magitaa, na Nzioka hakumung'unya maneno: wimbo huu mmoja usipotoka vizuri, wanapakia vyombo na kwenda Nairobi. Wanamuziki nao husemezana. Wakiondoka hawa, ni nani mwingine atakuja?

Kikwazo ni plasta. Ndiyo, plasta ya kidonda! Nzioka amevibandika vitufe vya amplifaya yake, besi ikiwa imezungushwa hadi mwisho, kwa sababu kwenye dansi za uwanjani kila mlevi hujifanya fundi na kuvizungusha.

"Mwaitu, hii sauti imenilisha," anasema Nzioka, akimwita Kalondu kwa heshima ya Kikamba. "Watu wanaisikia mpaka ng'ambo ya mto. Siwezi itoa."

Ni kosa la bendi nyingi za huku: kuubeba uwanja na kuuingiza chumbani. Nje, besi hutawanyika, kwa hiyo huhitaji nguvu. Ndani haina pa kwenda, inarundikana. Gitaa la ridhimu nalo limeongezewa besi vivyo hivyo, na gitaa la besi lenyewe lipo. Yote matatu yanagombania mlango mmoja.

Kalondu habishani. Anawarekodi walivyo, anaitia kaseti kwenye redio ndogo ya betri, kama zile za jikoni kwa wasikilizaji, na kuipeleka nje. Syombua, mke wa Nzioka na mwimbaji wa bendi, anatega sikio.

"Baba Ndinda, sasa wewe uko wapi hapa? Nasikia ngoma na mimi tu!"

Bendi nzima inaangua kicheko. Nzioka anajikuna kidevu, anarudi ndani na kuanza kuibandua plasta kwa ukucha.

Kalondu karibu aruke! Anaishusha besi, anapandisha sauti za katikati, pale gitaa la benga, muziki wao wa dansi, linapozungumza, na kuongeza kidogo trebo, zile sauti nyembamba za juu. Ridhimu anaipunguza katikati ili iipishe solo. Maikrofoni anaisogeza kando kidogo ya kitovu cha spika, ukali upungue.

"Usikimbilie kuongeza," anaeleza. "Toa kwanza ile inaziba mwenzake. Haya mzee, piga!"

Nzioka anapiga, na lo! Kila uzi unasikika peke yake. Wanaporudi kwenye redio ndogo, Syombua anapiga vigelegele, na muuza mbegu ameacha wateja wake anacheza.

"Aiya! Ni mimi huyo!" Nzioka anapaza sauti. "Nyimbo zingine tunafanya lini?"

"Leo!" Kalondu anajibu, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Sasa anapanga kukodi chumba cha pili, ngoma zikae peke yake, na kuwafundisha kazi hii wasichana wa Mitaboni. "Nataka bendi ya Nairobi siku moja ikuje kurekodi kwangu," anasema.

Titus, mpiga besi mwenye mwandiko mzuri, ameshaanza kuchora jalada la kaseti.

"Pale chini niandike imerekodiwa Nairobi, kama kawaida?"

"Andika Machakos," anasema Nzioka, kabla Kalondu hajafungua kinywa. "Na uandike kubwa."