Wembe wa Wiki ya Mtoano

Wiki nzima kinyozi wetu hapa Texas alikuwa akiilaani sarafu. "Timu tatu za sekondari, yetu ikiwamo, zimelingana ushindi, halafu ya kuingia mtoano ipatikane kwa kurusha sarafu? Huo ni wizi, jamani!" Kila akitamka "wizi", wembe wake hukata hewa. Leo ndiyo ilikuwa ikirushwa. Truett, kidevu juu na povu shingoni, alivisikia vile vidole vinene vikitetemeka. Simu ya mzee Delbert, aliyekuwa akingoja zamu kwenye benchi, ikalia, na wembe ukaganda.

"Sarafu imetuangukia sisi!" mzee akapiga ukelele. "Tumeingia!"

Kinyozi akashusha pumzi. "Haki imetendeka. Tunacheza na nani?"

"Mabingwa. Tena kwao."

Wembe ukarudi kooni, ukitetemeka kuliko mwanzo. "Kwao?"

Truett akafumba macho. Alijua neno linalofuata.