Mkono Kifuani, Mkono Kidevuni

Fundi Leonia wa Rusimbi hujua kwamba uzi wa chini umekwisha kabla ya kugeuza nguo. Hujua kwa unyayo. Huvua kandambili, akaweka mguu mtupu kwenye pedeli ya cherehani, na chuma kikamwambia. Masikio yake hayajasikia kitu tangu alipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mimi ni jirani na mteja wake. Si mwongeaji, na yeye hasikii, kwa hiyo tumekaa vizuri pamoja kwenye benchi lake miaka mingi. Haya alinisimulia kidogo kidogo, pini zikiwa mdomoni.

Alifika Kigoma mwishoni mwa mwaka 1996, akitokea Baraka, Kongo, ng'ambo ya ziwa, vita vilipowafikia. Katika boti ilibaki nafasi ya mtu mmoja tu. Alichokumbuka ni mikono miwili mikubwa mgongoni ikimsukuma ndani, na alipogeuka, akamwona baba yake peke yake, anaondoka bila kuaga. Kwa hilo hakumsamehe. Wiki ya tatu akiwa huku, homa ya uti wa mgongo ilimlaza hospitali, na alipopata nafuu dunia ilikuwa imenyamaza.

Bi Mwanaima alimkuta hapo hospitali alipokwenda kumwona mgonjwa wake. Alikuwa mshonaji wa Ujiji ambaye mababu zake nao walitoka Kongo, zamani sana. Akamchukua kwake, na kila aliyeuliza akaambiwa huyu ni mtoto wa dada yangu. Akamfundisha cherehani. Masikio hayakurudi, lakini macho yakaanza kufanya kazi ya watu wawili. Baada ya mwaka mmoja Leonia aliweza kufuata mazungumzo kwa kutazama midomo, na wateja wageni walikuwa wakiondoka bila kujua kwamba hasikii.

Mpaka siku ya Ritha. Huyu alikuwa msichana mwembamba, muuza migebuka, samaki wa ziwani, aliyeleta kitenge akasema, "Hiki cha kuvaa mimi." Leonia akaona, "Hiki cha kuvaa bibi." Ijumaa Ritha alipokuja kujaribu, alikuta gauni pana la mikono mirefu, lenye nafasi ya watu wawili. Akalivaa hivyo hivyo, akazunguka mbele ya kioo.

"Fundi, hili nitalivaa nikishapata wajukuu," alisema. "Kesho kuna harusi, na mimi hata mchumba sina."

Bi Mwanaima alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikamwishia. Akasimama mbele ya kioo na kujaribu maneno mwenyewe, akijitazama mdomo: mimi, bibi, pipi. Mama, baba, papa. Midomo ilifumba na kufumbuka vilevile. Aliyekuwa akitofautisha maneno hayo siku zote ni Leonia mwenyewe, kichwani mwake, kwa kukisia bila kujua kwamba anakisia.

Wakakubaliana alama. Kwa mama na maneno mengine yenye m, mkono kifuani. Kwa baba na mengine yenye b, mkono kidevuni, penye ndevu. Nyumbani kosa halikurudi tena. Tatizo ni kwamba nje ya nyumba ile hakuna aliyeijua alama hiyo.

Kiangazi cha mwaka 1998 mlangoni alisimama Pastory, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka dagaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Bi Mwanaima alikuwa msibani Buzebazeba. Pastory alisema taratibu, kwa wema, "Baba yako yupo kambini. Anakutafuta." Kisha akaenda zake.

Leonia aliona, "Mama yako." Hakuwa na shaka hata kidogo. Aliona mama, kama ninavyoiona karatasi hii. Nikiwa chuoni nilisoma muhula mzima jinsi ubongo unavyojaza pale ambapo macho na masikio hayatoshi, na jinsi mtu asivyojua kwamba amejaziwa. Leonia hulisema kwa ufupi zaidi: jicho huleta kitambaa, moyo ndio unaokata.

Siku tatu alishona libaya, kama kwao wanavyoiita blauzi ya kitenge. Vipimo hakuwa navyo. Alifumba macho, akakunja mikono kama anayemkumbatia mama yake, akapima hapo. Siku ya nne akaenda Nyarugusu pamoja na Bi Mwanaima, libaya likiwa limefungwa kwenye khanga.

Kwenye kibanda walichoelekezwa alitoka mwanamume aliyekonda, midomo ikienda mbio. Leonia alimtambua, akachungulia nyuma yake, ndani. Hakukuwa na mtu mwingine. Akamgeukia Bi Mwanaima, akauliza mama yuko wapi.

Bi Mwanaima alimsikiliza kwanza yule mzee. Kisha akaweka mkono kidevuni. "Baba," alisema. "Pastory alikwambia baba."

Leonia alikaza fundo la khanga, akaanza kurudi barabarani. Nyuma yake baba yake alikuwa akiita. Hilo alikuja kuelezwa baadaye. Bi Mwanaima akamwambia mzee aache kuita, mwanawe hasikii tangu alipovuka, na akamwonyesha ile alama. Mzee aliijaribu mara moja. Kisha akakimbia, akampita binti yake, akasimama mbele yake. Akaweka mkono kifuani.

"Mama yu hai," alisema. "Amebaki Baraka, anauguza nyanya yako."

Halafu alifanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alimshika bega, akamgeuza taratibu. Akaweka kiganja upande wa kushoto wa mgongo wake, akasukuma kidogo. Akamrudisha wakatazamana, akaweka mkono kifuani. Akamgeuza tena, akasukuma upande wa kulia. Mara hii mkono ulikwenda kidevuni.

Miaka miwili Leonia alikuwa amebeba mikono miwili mikubwa mgongoni. Sasa, kichwani mwake, ule wa kushoto ukaanza kuwa mdogo, kama wa mama.

Nilimuuliza, kwa kuandika kwenye daftari, kama alikumbuka kweli au alipenda iwe hivyo. Alisoma, akachomoa pini mdomoni.

"Hata mimi nilijiuliza," alisema. "Macho yangu yalikuwa yameshanidanganya. Ikabidi nimngoje mwenye mkono."

Alingoja karibu mwaka mzima, akienda kumwona baba yake kila alipopata nafasi. Nyanya alipozikwa, mama alivuka. Baba alimpokea na kumfundisha alama kabla hajamleta kwa binti yake. Leonia aligeuka, akampa mgongo. Kiganja kidogo kikatua upande wa kushoto.

Baadaye lile libaya likafunguliwa. Mama alilivaa, na likamwagika mabegani na kiunoni, kwa sababu Leonia alikuwa amemhifadhi mnene kama alivyomwacha. Mama akazunguka mbele ya kioo cha Bi Mwanaima. Akaweka mkono kidevuni, kwa uangalifu, kama mtu anayeandika herufi yake ya kwanza.

"Hili ni la bibi," alisema.

Leonia akapiga magoti, pini mdomoni, akaanza kulipunguza.